Mjomba amewalisha wajumbe biriani kwa jina langu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 22, mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa. Ninawania ukatibu mkuu wa chama cha wanafunzi. Fomu yangu ya uteuzi ilikubaliwa, jina langu limebandikwa kwenye ubao wa tume ya uchaguzi ya chuo, na kura ni siku 20 kutoka leo ninapoandika.

Kwetu si kila mwanafunzi anayepiga kura. Idara 12 zimeshachagua wajumbe watatu kila moja, jumla 36, na hao ndio watakaotuchagua. Kampeni rasmi ni siku saba tu, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kisha siku moja ya kimya kabla ya kura. Siku ya uteuzi tulipewa kijitabu cha kanuni chenye kurasa tisa. Mabango yasizidi 50, ukubwa wa A3, kila moja ligongwe muhuri wa ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi na libandikwe kwenye mbao za matangazo pekee. Matumizi yasizidi shilingi 30,000. Siku saba baada ya matokeo kila mgombea, ashinde ashindwe, apeleke fomu ya hesabu na risiti zake, atie sahihi kwamba hesabu ni kamili na ya kweli. Na ni marufuku mgombea au wakala wake kumpa mjumbe pesa, chakula, kinywaji, kredo ya simu au zawadi yoyote.

Mimi nimejichunga. Mabango 40 kwa shilingi 60 ni 2,400. Bango moja kubwa la turubai 3,500. Fulana kumi za timu 6,500. Stika 300 ni 3,000. Bando na kredo 1,550, tuktuk 1,500. Jumla 18,450, na risiti ninazo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kilifi kwa shughuli ya jamaa. Huku nyuma mjomba wangu, kakake mama, aliwaalika wajumbe nyumbani kwake Bombolulu. Wakala wangu, rafiki yangu tangu sekondari, ndiye aliyewapigia simu mmoja mmoja. Walikuja 22. Walipikiwa biriani ya kuku, kila sahani shilingi 350. Usiku wakala akamtumia kila mmoja shilingi 1,000 kwa M-Pesa, pesa za mjomba, wakaziita nauli. Nauli ya kutoka Bombolulu hadi wapi, mimi sijui.

Nilijua Jumapili. Mjumbe mmoja alinitumia picha ya ujumbe wa M-Pesa: shilingi 1,000, saa tatu na dakika kumi na nne usiku, jina kamili la wakala wangu. Chini ameandika, "Asante Katibu, Mungu akuzidishie." Picha ile nimeitazama mpaka naiona nikifumba macho.

Nilipomkabili mjomba alicheka. Alisema mkono mtupu haulambwi, kwamba kampeni hazijaanza kwa hivyo hakuna kosa, na kwamba pesa ni zake, si zangu. Wakala naye ananiambia maji nimeyavulia nguo, niyaoge. Ati mpinzani wangu aliwapeleka wajumbe Mtwapa kula nyama choma, na picha anayo yeye wakala.

Shangazi, mjomba ndiye anayenilipia karo. Mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haufiki nusu, na ya muhula ujao bado haijalipwa. Nikienda tume naogopa kuenguliwa na yeye aone nimemvunjia heshima mbele ya watu. Nikinyamaza, nimepiga hesabu: nimevuka ukomo kwa shilingi 18,150, na nitaandika nini kwenye ile fomu? Nikijiondoa nitawavunja moyo waliosimama nami tangu mwaka wa kwanza. Na kila mtu anafanya hivi. Nifanyeje?

Mgombea, Kisauni

*

Marahaba mwanangu.

Umeandika kama katibu, hilo nikuambie kwanza. Watu wengi huniletea malalamiko. Wewe umeniletea vitabu vya hesabu. Ninavyokusoma, una mambo matatu umeyafunga kifurushi kimoja: kanuni za chuo, deni la heshima kwa mjomba, na kinyongo kwamba wenzako wanakula nyama choma wakati wewe unahesabu stika. Tukiyafungua moja moja huenda usingizi ukarudi kidogo.

Tuanze na hesabu yako, maana ni sahihi lakini inakupeleka siko. Sahani 22 kwa 350 ni 7,700. Nauli ni 22,000. Ukijumlisha na zako 18,450 unapata 48,150, na kweli umevuka kwa 18,150. Sasa ondoa nauli, ubakishe biriani peke yake: 26,150. Uko ndani ya ukomo, na bado biriani ile imekatazwa. Hizo ni kanuni mbili tofauti. Moja inauliza umetumia kiasi gani, nyingine inauliza umempa nani. Nalisema hili kwa sababu atatokea mtu wa kukushauri uipunguze hesabu, uandikiwe risiti ndogo ya mpishi, mpaka yote yaenee chini ya 30,000. Akishamaliza kukusaidia, kosa la kwanza litakuwa pale pale na la pili, la kughushi, litakuwa limezaliwa.

Ukitaka kujua kwa nini tume ya chuo inaweza kuwa kali kwa chakula na nauli kuliko kwa mabango, tazama idadi ya wajumbe. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ilirekebishwa 2016, ndipo ukaja mfumo huu wa kila idara au kitivo kuchagua wawakilishi watatu, wasiwe wote wa jinsia moja, na hao kuchagua baraza la wanafunzi ndani ya siku 30. Kwenu ni watu 36. Wanaenea sebuleni kwa mjomba na nafasi ya viatu inabaki mlangoni. Mwenye kutaka kununua wingi wa kura anahitaji watu 19, na kwa 1,000 kila mmoja hiyo ni 19,000, karibu sawa na ulichotumia wewe kwa mabango, fulana na tuktuk. Kununua maelfu ya wanafunzi hakuna mjomba anayeweza; kununua 19 anaweza yeyote mwenye mshahara. Kwa hivyo mambo yamehama kutoka ukutani yakaingia kwenye simu, na simu, tofauti na ukuta, huweka saa na jina.

Mjomba anasema kampeni hazijaanza. Ni hoja, usiidharau, ila ifuate kwenye kijitabu chenyewe. Tafuta ukurasa wa tafsiri za maneno, mara nyingi ni wa kwanza au wa pili, watu huuruka. Angalia neno "mgombea" linaanza lini. Likianza siku uteuzi unapokubaliwa, basi Jumamosi ulikuwa mgombea tayari na hoja imekufa. Kama marufuku ya chakula na pesa imeandikwa kuwa ni ya "wakati wa kampeni", mjomba ana pa kusimama, lakini tazama anaposimama: kuwakusanya wajumbe 22 kwa ajili ya mgombea kabla ya siku saba kufunguliwa huenda kukaitwa kampeni ya mapema. Anaruka kanuni moja, anaangukia nyingine.

Na hili la "pesa ni zake, si zangu" lingekuwa na uzito zaidi kama zingetoka kwenye simu yake. Zimetoka kwenye simu ya wakala wako, ambaye jina lake wewe mwenyewe ulilipeleka tume. Kanuni kama ulivyoninukulia inasema "mgombea au wakala wake". Hilo ndilo linalokufunga, mwanangu, sijui kama umeliona. Kutojua kwako ni kweli, nami nakuamini, lakini kutojua kuna mwisho: mpaka Jumamosi hukujua, tangu Jumapili unajua. Atakayekuhoji hataishia kwenye biriani. Atauliza ulifanya nini Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Yule mjumbe aliyekutumia picha ulimjibu nini? Kama hukujibu, sawa. Kama uliandika "karibu" au ukabonyeza kidole gumba ili kumridhisha tu, hicho nacho ni kitu kitakachosomwa. Usikifute. Kufuta huonekana vibaya kuliko kidole chenyewe, na nakala iko kwake.

Sasa niulize jambo. Umeniandikia sana habari za wajumbe 22. Wale 14 hukuwataja hata kwa neno moja. Mbona hawakuja? Huenda walikuwa na shughuli. Huenda hawakualikwa. Na huenda walialikwa wakakataa, nao sasa wamekaa kimya wakitazama utafanya nini. Unahesabu kana kwamba waliokula watakupa kura, na kura yenyewe ni ya siri. Aliyekula Bombolulu Jumamosi anaweza kuwa ndiye yule aliyekula Mtwapa, akashiba kote, akampigia wa tatu. Nayasema haya ili upime upya: unacholinda kwa kunyamaza huenda hukinacho.

Na "kila mtu anafanya hivi", je, ni kila mtu au ni mmoja? Picha ya Mtwapa inaonyesha watu wanakula. Haionyeshi aliyelipa. Ikiwa unataka kumshtaki mpinzani, hiyo ni barua nyingine, yenye ushahidi wake na muda wake wa malalamiko uliowekwa kwenye kijitabu. Ukizichanganya mbili katika karatasi moja, ungamo lako litasomwa kama kisasi, na malalamiko yako yatasomwa kama kujikinga.

Kuna na hili ambalo hukuliuliza. Wakala alipata wapi namba za simu za wajumbe 22? Kama walimpa wenyewe, hakuna neno. Kama zilitoka kwenye orodha ya darasa au karatasi ya ofisi ya idara, hapo pana Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo inataka taarifa za mtu zitumike kwa kazi zilizokusanyiwa. Muulize leo, kwa utaratibu, kabla hamjaanza kampeni za WhatsApp kwa orodha hiyo hiyo.

Njia zako, basi. Kujiondoa nitakupitia haraka, kwa kuwa nadhani umeitaja kwa uchovu zaidi kuliko kwa nia. Ina tarehe ya mwisho. Ukichelewa jina lako litabaki kwenye karatasi ya kura. Na soma kama aliyejiondoa bado anadaiwa fomu ya hesabu, kwa sababu "kila mgombea" ni neno pana. Ukiondoka bila kusema kitu, watu 22 bado wana ujumbe wa M-Pesa mifukoni mwao, na kila mmoja atajitungia sababu ya wewe kuondoka.

Kunyamaza ndiko kunakokuvuta, na kwa leo kunaonekana hakuna gharama. Lakini hesabu siku. Kura ni siku 20 kutoka ulipoandika, na saba baada ya matokeo unaletewa fomu uandike kwamba hesabu ni kamili na ya kweli. Siku hiyo kimya kinaisha. Ama utaiandika biriani, na uulizwe mbona hukusema mapema, ama hutaiandika, na kosa lililoanza kwa mkono wa mjomba litakuwa limeingia kwenye sahihi yako. Ukishinda ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu picha ile itakuwa na thamani. Mjumbe mwenye njaa ya kitu atajua pa kukupata mwaka mzima wa ukatibu.

Kwenda tume kabla ya kampeni kufunguliwa nako si salama, na sitakudanganya. Wanaweza kukuengua. Wanaweza pia kukupa onyo, kumfungia wakala, kuziingiza gharama zile kwenye hesabu yako, au kuitisha kikao na wajumbe. Tazama ukurasa wa adhabu uone ni ngazi ngapi na nani mwenye uamuzi wa mwisho. Ukienda, usiende kwa mdomo. Barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya mwaliko, mahali, idadi, kilicholiwa na kiasi kilichotumwa; saa uliyojua na namna ulivyojua; ulichofanya tangu hapo. Usiandike maoni, usiandike mpinzani. Ambatanisha ile picha na nakala ya hesabu yako ya 18,450 na risiti zake. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Ukiitwa, una haki ya kusikizwa, na uamuzi ukikuumiza una haki ya kupewa sababu kwa maandishi; hilo ni Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 na halihitaji wakili kulitamka. Muda wa rufaa katika chaguzi za vyuo huwa mfupi, mara nyingine ni saa tu, kwa hivyo ujue kabla hujaingia kwenye kikao ni saa ngapi na rufaa inapelekwa ofisi gani.

Kabla ya barua hiyo kufika, wakala wako asikie kutoka kinywani mwako. Jina lililo kwenye zile M-Pesa ni lake, na kwake yanaweza kuwa mambo ya nidhamu, si ya kura. Anastahili nafasi ya kuandika yake. Huenda mkagombana. Huenda pia akapumua.

Msijaribu kuzirudisha pesa kwa ujanja, hasa ule wa kuomba muamala ubatilishwe kwa kudai mlikosea namba. Mlikosea namba mara 22? Kama zitarudishwa, zirudishwe baada ya tume kujua, kwa njia watakayoisema wao.

Nimemwacha mjomba mwisho kwa sababu ndiye anayekuuma. Sidhani alikaa akapanga hongo. Nyumba zetu hazijui kumkaribisha mtu bila sahani, na mjomba wa upande wa mama ana nafasi yake. Binti wa dadake anasimama uchaguzi, yeye akae mikono mitupu? Methali yake ni ya kweli kwa mgeni. Biriani ilipikwa kwa mkono wa ukarimu, ila nauli ile ya saa tatu usiku, iliyotumwa wageni wakiwa wameshafika makwao, ukarimu wake ni mgumu kuueleza, na nadhani hata yeye akiulizwa polepole atasita hapo. Asiulizwe na wewe, lakini. Mpitie mama. Ni dadake, anaweza kumwambia neno ambalo kwako litakuwa utovu wa adabu. Mama asiombe ruhusa ya wewe kwenda tume. Ajulishe, na aombe mambo mawili: pasiwe na mwaliko mwingine, na asishangae akilisikia jina la nyumba yake. Hatari ni kwamba akasirike na karo ikwame, nami siwezi kukuahidi kwamba hatakasirika. Ndiyo maana wiki hii hii, kabla ya kuzungumza na yeyote, ningekuwa wewe ningepita ofisi ya fedha kuuliza kama chuo kinakubali karo kwa awamu, na ofisi ya eneo bunge kuuliza fomu za basari zinatoka lini. Ukiwa na hata nusu ya jibu mkononi, utayasema ya mjomba kama mpwa, si kama mdaiwa.

Waliosimama nawe tangu mwaka wa kwanza, waulize wawili unaowaamini wangependa kusikia habari hii kutoka kwako au kutoka kwa picha. Jibu lao lipime pamoja na la kwako. Kijitabu unacho wewe, mjomba ni wako, na atakayesimama mbele ya tume ni wewe. Mimi niko upande huu wa karatasi.

Jambo dogo la mwisho. Risiti ya fulana, kama ni ile karatasi laini ya mashine, wino wake hufifia kwa joto na jasho la mkoba. Ipige picha leo, na nyingine zote, uziweke mahali pawili.